Mpiga Sufuria na Ribiti ya Kona ya Kushoto

Fundi amefariki. Habari ilinikuta Kondele, nimesimama kwa mguu mmoja kama korongo kwa sababu kiatu cha mguu wa pili kilikuwa mikononi mwa mshona viatu, na simu ilipolia nikadhani ni mhariri wa ukurasa huu anauliza makala iko wapi. Kumbe ni mke wa Fundi. Hakulia. Alisema, "Shemeji, rafiki yako amelala jana, leo hajaamka. Tunazika Jumamosi ya wiki ijayo, nyumbani Seme. Na uje na ile daftari yako." Nikamuuliza daftari gani. "Unajua ni gani," akasema, akakata simu. Wasomaji wa safu hii wanajua kwamba mimi ni mtu wa kucheka. Nilicheka hapa hapa hata nilipong'olewa jino na mtu ambaye baadaye niligundua ni fundi wa baiskeli. Leo pia nitacheka, ila kicheko cha leo hakina ukarimu. Nilimlilia Fundi siku tatu, machozi ya kutosha kulipandisha ziwa mpaka stendi ya mabasi. Siku ya nne machozi yakakauka, ikabaki hasira, na hiyo hasira ndiyo iliyoshika kalamu hii. Anayetafuta tanzia ya upole afungue ukurasa mwingine. Hapa ninalipiza kisasi, na nimechelewa miaka sita.

Kwa wasiomjua, Fundi alikuwa mpiga bati mwenye kibanda Kaloleni, nyuma ya zile nyumba za zamani za baraza la mji, akitengeneza sufuria, karai, majiko na masanduku ya wanafunzi wa bweni. Tulikutana kwenye masomo ya ngumbaru, wote wawili tukiwa na umri wa kuitwa babu, tumebanwa katika dawati la darasa la pili hata magoti yetu yakawa yanagusa masikio. Mimi nilitafuta cheti. Yeye alitaka tu aweze kusoma maandishi madogo yaliyogongwa kwenye vipande vya alumini alivyokuwa akivikata tangu ujanani. Maana miaka ile bati lake halikutoka dukani. Ndege zilizozeeka zilikatwakatwa, zikauzwa kama vyuma chakavu, na vipande vyake vikaishia chini ya nyundo za watu kama yeye. Na kabla ya hapo, zama za mkoloni, baba yake alikuwa mpokea kamba za kufungia ndege za majini, zile zilizokuwa zikitua ziwani hapa Kisumu kama mabata wanene waliotoka mbali. Kwa hiyo Fundi alizijua ndege za kale kuliko mtu yeyote niliyewahi kukutana naye, lakini alizijua kama mchinjaji anavyomjua ng'ombe: paja, ubavu, kidari. Mletee mchinjaji ng'ombe mzima anayetembea, atakuuliza ni wa nani. Hata majina ya ndege hakuwa nayo. Kila ndege aliiita kwa kile ilichozaa ilipofika kwake. Dakota, ile ndege ya injini mbili iliyobeba nusu ya dunia, kwake iliitwa "sufuria za shule". Beaver, ndege ndogo ya injini moja, ilikuwa "masanduku". Tafsiri hiyo niliijua mimi peke yangu, na mambo yote ninayowasimulia leo yanatokana na hilo.

Sasa niwapeleke kwenye chama. Hapa mjini kuna kikundi cha wapenzi wa ndege za kale kinachokutana Jumamosi alasiri katika ukumbi mdogo wa hoteli moja inayotazama ziwa. Wanakunywa chai, wanakula sambusa, mapazia yanafungwa, projekta inawashwa. Haionyeshwi ndege. Kinachoonyeshwa ni kipande chake, kimepigwa picha kwa karibu mno hata hujui kama unatazama chuma au ngozi ya kiboko: safu ya ribiti, bawaba ya mlango, mdomo wa bomba la moshi, mshono wa kitambaa juu ya bawa. Anayeitaja ndege kwanza na kueleza ameijuaje anapata pointi. Ribiti, kwa msomaji ambaye hajapata kuitazama, ni ule msumari mnene usio na ncha unaopitishwa tunduni na kupondwa kichwa pande zote mbili, ukashikanisha mabati mpaka siku ya kiama. Mwenyekiti wa chama alikuwa, na angali, mtu wa vitabu. Vitabu vyake vya ndege vinatosha kujenga nyumba ya vyumba vitatu na choo cha nje. Mimi nilikuwa katibu. Nilichaguliwa kwa hati yangu nzuri na kwa cheti changu cha ngumbaru kilichokuwa bado kibichi, na hakuna mtu mji huu aliyetembea wima kama mimi Jumamosi zile, daftari la kumbukumbu za mkutano kwapani kama askofu na Biblia yake.

Nikampeleka Fundi. Picha ya kwanza ilikuwa safu mbili za ribiti zenye vichwa vya duara vilivyojitokeza kama upele. Mwenyekiti alikuwa ndiyo kwanza anasafisha koo wakati sauti ilipotoka nyuma, "Hiyo ni sufuria." Ukumbi ukageuka. "Sufuria za shule, zile kubwa," Fundi akaendelea, sambusa mkononi. "Hapo ni tumbo, nyuma ya bawa. Bati yake unapiga polepole. Ukiharakisha, inapasuka." Nikasimama nikatafsiri kwa heshima zote: mgeni wetu anasema ni Dakota, kiwiliwili, sehemu ya chini. Projekta ikaonyesha jibu. Dakota, kiwiliwili, sehemu ya chini. Ya pili akasema masanduku, ikawa Beaver. Ya tatu ilikuwa kitambaa kilichoshonwa kwa uzi mnene, akakunja uso. "Hiyo haina kazi. Nguo tupu. Tulitupa, tukachukua waya." Ilikuwa Tiger Moth, ile ya mabawa mawili yaliyopandana. Kufikia Jumamosi ya pili mpiga sufuria wa Kaloleni alikuwa na pointi nyingi kuliko chama kizima tangu kuumbwa kwake, na Mwenyekiti alikuwa ameacha kula sambusa.

Jumamosi ya tatu Fundi alikuja na zawadi, imefungwa kwa gunia. Ilikuwa kifuniko cha alumini, ukubwa wa sinia ya pilau, kilichozungukwa na ribiti ndogo ndogo zilizolala sawasawa na bati. Ni moja tu, ile ya kona ya kushoto, iliyokuwa kubwa na ya kijinga, imechomoza kama jicho la kambare. Akaeleza kwamba ni kifuniko cha tumbo la ndege ya majini, kwamba baba yake alipewa na mafundi pale ufukweni, kwamba familia ilikifunikia pipa la maji ya mvua miaka mingi, na kwamba ribiti ya kona iling'oka na mzee akaweka ya sufuria mahali pake. Mwenyekiti akakigeuza mara mbili kama anayetafuta bei. "Bwana, hiki ni kipande cha mlango wa choo cha Dakota," akasema. Watu wakacheka. Fundi hakukasirika. "Dakota naijua, Mzee," akamjibu. "Imenisomeshea watoto. Hii si yeye." Akakiacha mezani hivyo hivyo, kiwe cha chama. Nami nikaandika daftarini maneno ya wote wawili, kwa sababu mwalimu wetu wa ngumbaru alitufundisha kwamba kazi ya katibu ni masikio.

Jumamosi ya nne Mwenyekiti alikuja na tabasamu ambalo fisi angeliazima aendee harusini. "Leo mzee wetu nimemwekea rahisi," akasema, akawasha. Ukutani ikatokea ndege nzima, inaruka, jua limeipaka mgongo, mawingu chini yake. Fundi alitazama. Akasimama, akaenda mpaka ukutani, kivuli chake kikafunika bawa moja. Akasogeza uso karibu kabisa, akitafuta ribiti, akitafuta mshono, akitafuta mahali ambapo msumeno ungeanzia. Akaugusa ukuta kwa kidole. Kwa mtu ambaye maisha yake yote ndege zilimfikia zikiwa vipande juu ya mkokoteni, kile kitu kilichokuwa kikielea pale hakikuwa na pa kushika. Mwishowe akasema, "Hii sijawahi kuiona." Ilikuwa Dakota. Wasomaji, kicheko kilichotoka ukumbini kilivuka ziwa kikaamsha viboko wa Homa Bay. "Hata watoto wa nasari wanaijua!" Mwenyekiti akasema. "Kumbe tulikuwa tunabahatishiwa na mpiga sufuria!" Papo hapo ikapitishwa kwamba asiyeijua ndege nzima asihesabiwe kuwa anaijua ndege, na pointi zote za mgeni zikafutwa. Ningeweza kusimama. Jumamosi tatu nilikuwa mdomo wake. Ningeweza kusema, jamani, yeye huzijua zikiwa zimekatwa, muonyesheni bega la ndege hii tu mtaona. Mdomo haukusimama. Ulikuwa unaandika. Fundi akavaa kofia yake, akasema, "Asanteni kwa chai," akaondoka.

Hakunigombeza hata siku moja. Nilipokwenda kibandani wiki iliyofuata alinisogezea kigoda kama kawaida, akanipa chai, akaendelea kugonga. Ila tangu dawati lile la ngumbaru alikuwa akiniita "omera", neno ambalo huku kwetu humwiti mtu usiyemhesabu wako, na siku ile akaniita "Katibu". "Katibu, sukari iko hapo." Miaka sita nikawa Katibu. Kuna matusi niliyotukanwa Kondele na makanga watatu wa matatu kwa mpigo ambayo hayakuniuma robo ya hilo. Na hapo katikati, wakaja wageni wapenzi wa ndege kutoka mbali, wakaona kile kifuniko kimeegeshwa mlangoni mwa ukumbi wa chama kuzuia upepo, wakapiga magoti na makamera yao. Walikipima, wakalinganisha na michoro, wakasema bila shaka ni cha ndege ya majini, na kwamba hawajui kingine kama hicho upande huu wa dunia. Mwenyekiti alimeza mate, na baada ya kumeza akaagiza fremu ya mninga na kibao cha shaba. Kikatundikwa ukutani nyuma ya kiti chake. Kibao kikasema: Kifuniko cha ndege ya majini. Kimetambuliwa na Mwenyekiti wa Chama. Nilimwambia Fundi. Akapindua sufuria akaangalia chini yake. "Kimetambuliwa," akarudia polepole. "Katibu, hilo neno linaandikwa na herufi ngapi?" Nikahesabu kwa vidole, nikamwambia kumi na tatu. "Nyingi," akasema, akaendelea kugonga.

Nimefikiri sana juu ya neno hilo tangu nilipopata ile simu. Mji wetu umejaa watu wanaovijua vitu vikiwa vizima, kwa mbali, katika picha nzuri. Wana ramani ya mji mpya, wana mchoro wa soko jipya, wana ndege ikiruka na jua mgongoni. Chini yao wapo wanaovijua vitu kwa kipande: mama muuza samaki wa Otonglo anayejua kwa kubonyeza shavu la samaki kama alilala kwenye barafu siku moja au tatu, fundi wa mashua anayejua kwa kugonga mbao ni wapi maji yataingia mwakani. Hawa wa pili tukiwauliza swali la wa kwanza wananyamaza, nasi tunauita ukimya wao ujinga. Siku hizi vyuma chakavu havipiti tena kwenye vibanda. Vinapakiwa kwenye malori mpaka kwenye tanuru, vinayeyushwa, na ribiti hazisomwi na mtu. Sufuria zinakuja zikiwa zimetengenezwa tayari, nyepesi, ukisonga ugali zinacheza dansi. Kwa hiyo waliobaki na ujuzi wa kipande ni wachache na wanazeeka, na kuwaibia sasa ni rahisi kuliko wakati wowote, kwa kuwa mwibaji ana fremu na kibao na mwibiwa ana nyundo tu. Ndivyo nilivyodhani. Sikujua Fundi alikuwa ametumia mwaka wake wa mwisho, kifua kikimbana, akiandaa jibu.

Tulimzika Seme, mahema matatu, kwaya mbili, na umati ambao kwa hesabu yangu ya wastani ulikuwa nusu ya Nyanza. Programu ya mazishi siku hizi ni kitabu cha rangi, na jalada la nyuma kwa kawaida huwa picha ya marehemu akitabasamu. La Fundi lilikuwa na picha sita zilizopigwa kwa karibu mno, na juu yake maneno: Ni ndege gani? Mwenyekiti aliketi mbele, kwenye viti vya vitambaa. Alikuja, alisema, kumzika mwanachama mwenzetu. Mwanachama! Mshereheshaji alipompa maikrofoni alisifu urafiki ambao haukuwahi kuwapo, akasimulia jinsi alivyomfundisha marehemu kuzipenda ndege, kisha jicho lake likaangukia jalada la nyuma. Niliona midomo yake ikilowa. Mlevi humpiti na chupa. "Naona rafiki yangu ametuachia mchezo wetu," akasema.

Mama, mke wa Fundi, alikuwa ameketi karibu na jeneza, mikono magotini. "Tusaidie, mwalimu," akamwambia. "Sisi hatujui haya mambo."

"Ya kwanza ni rahisi, Mama. Ukingo wa bawa la Katalina, ile ndege ya majini. Mnaona ribiti zilivyopangwa? Ya pili, mkia wa Dakota, hilo halina mjadala. Ya tatu, bomba la moshi la Beaver."

"Una hakika, mwalimu?"

"Mama, nimesoma vitu hivi miaka arobaini." Akamaliza ya nne na ya tano kwa majina marefu ambayo mkalimani wa Dholuo alishindwa akayaacha yapite yenyewe. Waombolezaji wakapiga makofi. Hapo Mama akageuka, akawaashiria akina mama wa kanisa waliokuwa wamesimama karibu na jikoni, na wakaja kwa mstari, vitambaa vyeupe kichwani, kila mmoja na mzigo wake.

"Ya kwanza," Mama akasema, na hakuhitaji maikrofoni. "Hii ni mlango ya kuku. Ya pili, karai ya kuogesha mjukuu. Ya tatu ni dohani ya jiko yangu, leo imepika hiyo chai umekunywa. Hiyo ingine ni debe ya kuchotea maji, na hiyo ni sanduku ya Biblia. Yote ametengeneza mwaka jana, na bati ya duka. Hiyo bati haijapanda hata mti."

Nimehudhuria harusi, sherehe za sikukuu na mechi za fainali. Sijasikia kicheko kama kile. Mzee mmoja alianguka na kiti chake. Mhubiri alijifunika uso kwa Biblia, lakini mabega yake yalimsaliti. Mtu akapaza sauti kutoka hema la nyuma, "Mwalimu, na hii kiti nimekalia ni ndege gani?" Mwenyekiti alitaka kuirudisha maikrofoni, mshereheshaji, Mungu ambariki, akarudi nyuma hatua mbili.

"Umebakisha moja," Mama akasema. "Ya sita."

Mwenyekiti akaitazama ile picha, jasho likimtiririka. Ilikuwa kona ya kitu fulani, bati limezeeka, ribiti ndogo zilizolala, na moja kubwa imechomoza. "Sidanganyiki tena, Mama," akasema akijaribu kucheka na wenzake. "Hicho ni kifuniko cha sufuria. Ribiti ile ya kona ni ya sufuria kabisa, hata kipofu anaona."

"Kifuniko ya sufuria."

"Ya sufuria. Hakijawahi kuwa ndege."

Mama akanitazama mimi. "Shemeji, soma."

Nikasimama na daftari langu, nikasoma kumbukumbu za Jumamosi ya tatu. Kwamba mgeni ameleta kifuniko chenye ribiti moja kubwa katika kona ya kushoto. Kwamba mgeni amesema ni cha tumbo la ndege ya majini, kutoka kwa baba yake. Kwamba Mwenyekiti amesema ni cha mlango wa choo cha Dakota. Kijana wa hoteli aliyekuja na ujumbe wa chama akasema kwa sauti ya mtu anayeamka, "Si ndiyo ile imetundikwa nyuma ya kiti chake?" Ndiyo. Miaka mitano imeandikwa kwamba amekitambua, na hakukitambua. Mwenyekiti alinitazama kama mtu aliyeumwa na kikombe chake mwenyewe. Ah, wasomaji, utamu ule! Kama ungeuzwa kwa kilo ningeuza shamba. Nikafunga daftari, nikaanza kuketi.

"Bado," Mama akasema. "Ukurasa inayofuata."

Nilijua kilichokuwa pale. Nilikiandika mwenyewe, kwa ile hati yangu nzuri. Nikafungua, nikasoma kwamba mgeni ameonyeshwa ndege nzima na ameshindwa kuitaja. Kwamba pointi zake zimefutwa. Na mstari wa mwisho, ambao nilikuwa nimeutia nakshi kwa kuwa ulinifurahisha wakati ule: "Wajumbe wote walicheka sana. Katibu alicheka mpaka akamwaga chai." Hakuna aliyecheka. Bibi mmoja kizee aliyekuwa safu ya mbele akauliza, si kwa ubaya, "Na huyo katibu ni nani?"

"Ni mimi, Bibi," nikasema.

Akanitazama toka juu mpaka chini, akatikisa kichwa, akageukia jeneza. Tukaendelea na ibada.

Baada ya udongo, watu wakiwa kwenye sahani, mke wa Fundi alinivuta kando akanipa kitu kizito kilichofungwa kwa gazeti. "Alisema, omera akisoma kurasa zote mbili, mpe hii. Akiruka ya pili, mpe mlango ya kuku aende nayo Kisumu."

"Alisema omera?"

"Shemeji, si umenisikia?"

Nililifungua lile gazeti nyumbani. Ndani mlikuwa na kibao cha alumini, herufi zimegongwa moja moja kwa patasi, baadhi zimelala kidogo upande kama sisi wawili katika lile dawati. Kuna jina la baba yake aliyekipokea kile kifuniko, na kazi yake ya kamba. Kuna jina lake mwenyewe, aliyekijua. Pamoja nacho alikuwa amefunga ribiti nne. Jumamosi iliyopita nilikwenda ukumbini mapema na mpiga bati mwenzake wa Kaloleni, tukang'oa fremu ya mninga, tukatoboa kifuniko, tukagonga kibao juu yake. Mwenyekiti alifika wakati wa ribiti ya tatu. Analalamika sasa mji mzima kwamba ameaibishwa msibani, kwamba huo si utu, kwamba maiti na walio hai wamemvamia. Mtenda akitendewa hudhani kaonewa. Alitishia kwamba kile kibao atakitoa. Nilimwambia karibu, Mwenyekiti. Kile cha shaba ulikifunga kwa skrubu, na skrubu hutoka kimyakimya kwa bisibisi, ndivyo tulivyokitoa. Ribiti haitoki hivyo. Ribiti hukatwa kwa patasi na nyundo, na kila aliye hotelini, mpaka wapishi, atasikia unachofanya.

Mkitaka somo, chukueni hili: ukiamua kumdhulumu mtu, usimchague yule anayejua vitu vidogo, kwa maana atakungoja kwenye kitu kidogo. Na wewe uliyekuwa na kalamu siku ile, kisasi cha haki kitapita kwako kwanza, usiruke ukurasa. Mtagundua kwamba katika maneno yote haya sijawatajia jina la Fundi. Ni kwa makusudi. Gazeti hili kesho litafungia mtu dagaa wa omena. Jina liko ukutani, nyuma ya kiti cha Mwenyekiti, kwa ribiti nne. Ile ya kona ya kushoto niliigonga mimi, na imechomoza.